Siku Moja Isiyokwisha: Tulivyoitazama Groundhog Day Mikindani

Nimeitazama Groundhog Day mara tatu, na mara ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu safari hii sikuitazama peke yangu. Nilikuwa kwa bibi, Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, Februari joto la kaskazi likiwa halina huruma, tukiwa watu saba mbele ya runinga moja: bibi, mjomba, mkazamjomba, watoto wao watatu, na mimi niliyepewa kazi ya kutafsiri kwa kuwa nakala yangu ya DVD ina maandishi ya Kiingereza peke yake.

Filamu hii ya mwaka 1993 iliongozwa na Harold Ramis, nayo ina urefu wa dakika 101. Phil Connors, anayeigizwa na Bill Murray, ni mtabiri wa hali ya hewa katika kituo cha televisheni cha Pittsburgh. Anatumwa mji mdogo wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, ambako kila tarehe 2 Februari, tangu 1887, watu hukusanyika alfajiri kumtazama groundhog, mnyama mmoja wa jamii ya kindi anayeishi kwenye mashimo. Akikiona kivuli chake, wanasema baridi itaendelea kwa wiki sita zaidi. Phil anafanya kazi yake kwa kununa, dhoruba ya theluji inafunga barabara, analazimika kulala palepale, na anapoamka ni tarehe 2 Februari tena. Kesho yake vilevile.

Mjomba aliuliza inakuwaje watu wazima wamfuate panya buku na kamera awaambie baridi inaisha lini. Bibi akamjibu, "Kwani sisi hatuitazami miembe kubashiri mvua?" Mjadala ukaishia hapo. Ukweli ni kwamba watu wa Mtwara hatulichukulii neno utabiri kirahisi. Aprili 2019 tulijifungia ndani tukikisubiri Kimbunga Kenneth, redio ikiwa imewashwa kutwa, na mwishowe kikatua ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Kwa Phil ni kinyume: yeye alitangaza kwa kujiamini kwamba dhoruba itapita pembeni, nayo ikamkuta barabarani. Nyumba nzima ilielewa aibu ile bila maelezo yangu.

Ninavyoiona mimi, ubora wa filamu hii umo katika namna inavyoupima upendo wa mwanamume kwa kuangalia anavyowatendea watu wa mji mdogo asiouthamini. Asubuhi ya kwanza, mama mwenye nyumba ya wageni anamkaribisha kahawa kwa moyo mweupe, na Phil anamuulizia aina za kahawa anazojua fika kwamba hazipo pale. Mkazamjomba, ambaye huamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua vya kuuza, alisogea mbele kwenye mkeka. Alisema wakati wa ujenzi wa bomba la gesi alipata wateja wa namna hiyo, wanaouliza kitu ili wakuonyeshe kwamba huna. Kuanzia hapo hakumsamehe Phil hadi karibu na mwisho, na nadhani mtunzi wa filamu alitaka tuchelewe kumsamehe hivyo hivyo.

Kisha mapenzi yanaingia. Rita, mtayarishaji wa kipindi, anayeigizwa na Andie MacDowell, hakumbuki lolote la siku iliyopita, lakini Phil anakumbuka kila kitu. Leo anamuuliza anapenda kinywaji gani, "kesho" anakiagiza kana kwamba ni chake tangu zamani. Leo anacheka Rita akisema amesoma ushairi wa Kifaransa, "kesho" anamkariria beti. Anajua mpaka chokoleti asiyoipenda. Na kila usiku unaishia kwa kofi, makofi yanayofuatana moja baada ya jingine huku watoto wakihesabu kwa sauti. Nimeona filamu nyingi za mapenzi ambazo mwanamume mjanja hushinda kwa ujanja wake na sisi tunatakiwa tumshangilie. Hapa mtu anazo taarifa zote za mwanamke, ana muda usio na kikomo, na bado mwanamke ananusa kwamba ametegewa. Hilo peke yake linatosha kwangu kuipendekeza kwa kijana yeyote anayedhani kupendwa ni kujua majibu.

Sehemu ya katikati ni nzito. Phil anapokata tamaa anajiua kwa njia mbalimbali na kuamka tena, na mtoto wa mwisho wa mjomba, mwenye miaka minane, aliogopa gari liliporushwa bondeni. Wenye watoto wadogo wajue hilo mapema.

Baadaye Phil anaanza kujifunza piano, anawabadilishia gurudumu akina mama wazee, anamdaka kila siku mtoto yuleyule anayeanguka kutoka mtini, mtoto ambaye hata asante hasemi. Na yupo mzee ombaomba. Mwanzoni Phil anampita akijifanya anapapasa mifuko. Siku moja mzee anafariki hospitalini, na Phil hakubali. "Siku" zinazofuata anampa fedha, anampeleka kula, anamnywesha supu, na hatimaye anampulizia pumzi kichochoroni katika baridi, akitazama juu. Mzee anakufa kila mara. Nilipotaka kueleza, bibi aliniwekea mkono gotini akasema, "Nyamaza, hapa hapahitaji mkalimani."

Umeme ulikatika wakati wa dansi, pale wanawake wanaposhindana kwa bei kuwanunua wanaume mnadani na Rita anamwaga alichonacho chote, dola 339.88, apate jioni na Phil. Kwa mjomba neno mnada ni korosho tu, hivyo alikuwa bado anashangilia bei ile gizani. Umeme uliporudi, diski ilianza upya, na nilipokuwa nikitafuta tulipoishia ikatokea saa ya mezani inayomwamsha Phil kila asubuhi: tano hamsini na tisa kwa saa yao, kisha sita kamili, na wimbo uleule wa Sonny na Cher. Watoto walipiga kelele za furaha kiasi kwamba jirani alikuja kuuliza kuna nini.

Lawama yangu ya kwanza ni Rita. Tunajua anachokunywa na mtu wa aina gani anamtaka, lakini hatujui anachohangaikia anapokuwa peke yake. Yeye ni kipimo cha Phil zaidi ya kuwa mtu. Pia, tunachokiona si Punxsutawney yenyewe, maana filamu ilipigwa Woodstock, Illinois. Mimi hilo halinisumbui. Uwanja ule wa katikati ya mji, ambapo kila anayepita ana jina na salamu, tungeutambua popote.

Mwaka 2006 Marekani iliiingiza katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, na siipingi heshima hiyo. Mwishoni, siku inapobadilika, Phil anatoka nje kwenye theluji na kumwambia Rita kwamba waishi pale, ila kwa kuanzia wapange. Mjomba aliipenda sana hiyo ya kupanga kwanza. Bibi hakucheka. Aliniuliza, "Na yule mzee, siku ya mwisho amekufa?" Nilirudisha diski nyuma, nikaipitia jioni yote ya dansi na vichochoro vyote. Hawakumwonyesha, na hiyo ndiyo lawama yangu ya pili.