Kalenda ya ukutani ya Arusha, hii ya Novemba yetu

Wadau wa Arusha kama bado hamjanunua kalenda, kuna hii ya ukutani imechapwa hapa hapa mjini, inauzwa stesheneri za maeneo ya Soko Kuu, buku saba tu, na mi nawaambia chukueni, tena sababu kubwa ni ukurasa wa Novemba.

Kalenda nyingi tunazopewa madukani zina picha za Ulaya, Novemba ikifika unaona majani makavu yanadondoka na watu wamejifunika makoti, sawa, kwao ndo hivyo, London mwisho wa mwezi huo saa kumi jioni jua limeshazama. Ila sisi tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, giza letu ni la saa moja mwaka mzima na Novemba ndo vuli imekolea, kila kitu kinaota! Hawa jamaa wamelielewa hilo kabisa. Wameweka picha ya barabara yenye mijakaranda, maua ya zambarau yametapakaa kwenye lami iliyolowa, mama kapandisha kanga anavuka dimbwi na tope limemrukia mpaka kwenye ndala. Mlima Meru hauonekani, mawingu matupu, na ndo ukweli wenyewe maana mvua zikishika unaweza kukaa siku kibao hujauona.

Halafu pale chini kuna maelezo mafupi, maharage ya vuli, kahawa kuchanua baada ya mvua, kumbikumbi kutoka, ukisoma unajua aliyeandika anaishi huku. Tarehe 1 wameweka Watakatifu Wote na tarehe 2 Marehemu Wote, na kwa kuwa sisi Wakatoliki mwezi mzima tunawaombea marehemu wetu, wameacha mistari pembeni ya kuandika majina. Hapo wamenigusa sana. Mama kamwandika babu na bibi na wadogo zake wawili, sasa hivi jioni kwenye sala hatusahau mtu.

Kasoro zipo. Karatasi inang'aa mno, biki haishiki, mama ilibidi atumie maka peni. Tundu la msumari halijawekewa chuma kwa hiyo feni ikiwaka linachanika, mi nimebandika selotepu. Na wamesema vuli inaanza Novemba wakati wakulima wa Arumeru wanajua inaweza kuanza Oktoba, mtu akiifuata kama ilivyo anachelewa kupanda, hili walirekebishe haraka jamani, kilimo hakisubiri. Sikukuu za Kiislamu nazo waongeze maneno kwamba ni kwa kuandama kwa mwezi, majirani zangu wameuliza.

Miezi mingine ni ya kawaida tu, Julai wameweka twiga. Ukienda omba uliyokunjiwa kwenye nailoni, zile za dirishani zimeshapauka na jua.