Semina ya Mawakili: Kusafiri hadi Dar es Salaam au Kubaki Iringa?
Wakili wa Iringa anayetaka kuhudhuria semina ya Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954, anaweza kupanda basi na kuteremka mlima Kitonga hadi Dar es Salaam, au kuifuatilia mtandaoni akiwa ofisini kwake. Njia ya pili ni nafuu na haimlazimu kuomba shauri liahirishwe. Lakini simu ya mteja ikiita, au umeme ukikatika mtoa mada akiwa katikati ya kufafanua pingamizi la awali (hoja ya kisheria inayotolewa kabla shauri halijasikilizwa), kilichosemwa kimempita. Ukumbini, faida kubwa hupatikana wakati wa chai, pale wakili mkongwe anapomweleza mwenzake mchanga namna anavyopangilia aya za hati ya kiapo. Kwa marekebisho ya sheria, mtandao unatosha. Kwa mbinu za kudodosa mashahidi, ningelipa nauli.