Simu mpya kila mwaka, kuna kipya kweli? Nimezifunga utepe nikaenda nazo Deep Sea

Assalaam alaykum wapenzi, na wengine wote hamjambo, karibuni tena. Leo niko hapa Deep Sea, Tanga mjini, hayo makelele mnayoyasikia nyuma ni mnada wa samaki, vyombo vimeingia toka alfajiri, na mkononi nina simu mbili. Ziangalieni vizuri. Nyuma zote nimezifunga utepe mweusi, ule wa fundi umeme, huoni jina wala nembo. Moja imetoka mwaka huu, nyingine ina miaka minne, kampuni moja, ukoo mmoja, yaani mtu na mdogo wake. Nimefanya hivi kwa sababu kila siku mnaniuliza, kaka ninunue hii mpya au nibaki na yangu, na mi nimechoka kuwajibu kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi, nataka mtu ashike mwenyewe, atazame mwenyewe, aseme bila kujua ameshika nini.

Nimeanza na shangazi yangu, anauza vibua hapa miaka mingi. Shangazi shikamoo, marahaba mwanangu, nikampiga picha kwa simu zote mbili amesimama palepale mbele ya beseni lake, jua la saa mbili asubuhi linampiga ubavuni. Nikampa zote azishike. Vidole vina magamba na maji ya chumvi, akazitazama muda mrefu kweli, akazisogeza mbali na uso maana miwani kaiacha nyumbani, alafu akanyoosha ya kushoto akasema, "Hii imenitoa rangi yangu. Hiyo nyingine imenipaka poda, mie sikupaka poda leo."

Ya kushoto ndo ya miaka minne.

Sasa sisemi ya zamani ni bora kwa kila kitu, la. Jana usiku nilizipeleka zote mbili kwa muuza kahawa pale Ngamiani, taa yenyewe hafifu, na ile mpya ikatoa picha safi zaidi, ule moshi wa birika unauona, ya zamani imetoa chengachenga. Kwaiyo tofauti ipo. Ila ilibidi niziweke pamoja na nivute picha kwa vidole viwili ndo niione, na swali langu ni hilohilo, tofauti ya kuitafuta kwa kuvuta vidole viwili inalipiwa milioni mbili?

Tuchukue Samsung maana namba zao ziko wazi kila mtu anaziona. Galaxy S22 ya mwaka 2022, kamera kubwa ya nyuma megapikseli 50, ya kuvuta vya mbali 10, ya upana 12. Ikaja S23 mwaka 2023, 50, 10, 12. S24, 50, 10, 12. S25 ya 2025, hebu malizia mwenyewe hapo ulipo. 50, 10, 12. Bei ya kuanzia kule Marekani zote nne dola 799. Betri imetoka mAh 3,700, hicho ndo kipimo cha chaji inayobeba, ikafika 4,000 kwa miaka mitatu. Kaka yao mkubwa, zile Ultra, betri ni 5,000 toka S20 Ultra ya 2020 mpaka S25 Ultra, miaka mitano mtoto anazaliwa anaanza chekechea betri iko palepale. Na Apple msijifiche, iPhone 14 ya 2022 ilikuja na chipu, ule ubongo wa simu, ya A15, jina lilelile la chipu ya iPhone 13. Chipu za Samsung zimeongezeka kasi ndiyo, na programu ya picha imebadilika, lakini wewe unayeingia WhatsApp, unatazama mpira na kutuma hela, ile kasi unaitumia wapi?

Wale wa umri wangu mnakumbuka mabadiliko yenyewe yalivyokuwa. Januari 2007 Steve Jobs wa Apple anasimama jukwaani na simu haina batani za kuandikia, unagusa kioo kinakuitikia, dunia nzima ikageuka. 2013 iPhone 5s inakuja na alama ya kidole. Na kwetu sisi, naomba mnisikilize vizuri hapa, kitu kilichobadilisha maisha ya huyu shangazi yangu kuliko simu zote hizo kilikuja 2008, M-Pesa ilipoingia Tanzania, na haikutaka simu mpya. Ilikuja kwenye kiswaswadu chake kilekile cha batani, unapiga nyota 150 nyota 00 reli, hela ya samaki inafika Lushoto. Hakuna aliyemuuzia boksi jipya. Mi kila nikitazama uzinduzi wa simu, wale watu wamesimama kwenye mataa wanasema mapinduzi, mapinduzi, nauliza hayo mapinduzi yanamfikiaje yule mama pale, kama hayamfikii basi ni rangi mpya tu ya kava.

Na kuna jambo linaniuma, hili lazima niliseme taratibu maana watu wa kipato cha chini ndo wanaoumia. Nendeni dukani mchukue boksi la simu ya laki tatu, laki nne. Limeandikwa 16GB za ram, ile kumbukumbu ya kuendeshea apu, herufi kubwa kama bango la harusi. Sasa geuza boksi, chini kabisa maandishi ya sisimizi, 8+8. Ile nane ya pili sio ram. Ni kipande cha storeji, pale unapoweka picha zako, kimeazimwa kijifanye ram, na storeji mwendo wake ni wa taratibu kuliko ram mara nyingi tu. Inasaidia kidogo apu zisifungwe haraka, sawa, lakini sio ram 16 na mtu asikuuzie hivyo. Alafu zile kamera nyuma. Unaona macho matatu, manne, yamepangwa kama taa za jiko la gesi. Jicho moja ndo linafanya kazi. La pili mara nyingi ni megapikseli 2, la kupiga vitu vya karibu sana, picha yake hata namba ya vocha unaisoma kwa shida. La tatu kwenye simu nyingine ni 0.08, ndiyo, sifuri nukta sifuri nane, hiyo sio kamera ya kupigia picha, imewekwa pale jicho lionekane. Nilifanya hivi mbele ya dada mmoja mteja, nikaziba hilo jicho la chini kwa kidole gumba nikamwambia piga picha. Akapiga. Ikatoka ileile. Nikaziba la pili, ileile. Akanitazama, akaitazama simu yake, akaniambia kaka mimi niliongeza elfu hamsini kwa ajili ya haya macho.

Mnunuzi anayefanya vibarua miezi miwili apate hiyo hela anastahili kuambiwa ukweli kabla hajatoa, sio baada.

Haya, sasa yaliyo mapya kweli, maana yapo na nitakuwa mnyimi nikiyaficha. Nilimpa zilezile simu mbili kijana wa bajaji, anapiga ruti ya Raskazone hadi Mabanda huko na kurudi, simu anaifunga mbele pale kwenye usukani, jua lote la saa saba linaingia. Huyu hakutaka habari ya kamera. Akaziweka zote mbili juani, akasogea pembeni, akasema hii ya kulia naisoma, hii nyingine imekuwa kioo cha kunyolea. Ya kulia ndo mpya. Vioo vya sasa vina mwanga mkali kuliko vya zamani, kwa mtu anayefanya kazi nje Tanga hapa, na jua hili mnalijua, hicho ni kitu. Hakuna anayepigiwa makofi jukwaani kwa hicho, lakini yeye akisoma namba ya mteja bila kusimamisha chombo, amefaidika.

Cha pili betri, na hapa ndo nina furaha. Kuna betri za kizazi kipya wanaita silikoni kaboni. Betri ya kawaida ya lithiamu upande mmoja ndani imejaa grafaiti, ndo inayohifadhi chaji. Silikoni inahifadhi nyingi zaidi kwa ujazo uleule, tatizo lake inavimba ikijaa, kwaiyo wanaichanganya na kaboni itulie. Kampuni ya Honor waliianza kwenye simu za sokoni 2023 kule China, Januari 2025 simu ya OnePlus 13 ikatoka nje ya China na mAh 6,000 kwenye unene wa kawaida, na saa hizi kuna zinazopita 7,000. Fikiria mvuvi anayetoka jioni arudi asubuhi, au mtu wa kijijini anayelipa kuchajisha dukani. Hapo nakubali, hapo kuna kipya, na nashangaa makampuni makubwa kabisa ndo yamekuwa ya mwisho kulichukua.

Cha tatu ni miaka ya apdeti, yaani kampuni itaendelea kukutumia programu mpya na za usalama kwa muda gani. Hiki hakishikiki mkononi, hakina rangi, lakini mi kimeniunguza. Niliwahi kununua simu, kampuni siitaji, ilikuwa nzuri tu, baada ya mwaka mmoja apdeti zikakatika, na siku moja asubuhi nafungua apu ya benki inaniambia simu yako haikidhi, nimesimama kwenye foleni ya kulipia mzigo, hela yangu ipo na siifikii. Simu nzima, kioo hakina mkwaruzo. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza naangalia ni miaka mingapi wameahidi. Google walianza miaka 7 na simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakafuata na S24, na kilichonifurahisha zaidi wakaishusha hadi chini, Galaxy A16 ya 2024 wameahidi miaka 6, na hiyo ni simu ya bei ya kawaida. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kamera zote walizozindua mwaka ule.

Maji nayo, tusemezane kidogo sababu tuko pwani. Ukiona alama ya IP68 kwenye boksi, sita ni kuzuia vumbi, nane ni kuzama majini, ni maendeleo mazuri na zamani tulikuwa tunafukia simu kwenye mchele. Lakini vile vipimo vinafanywa kwa maji baridi, maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari yanakula pale pa kuchomeka chaji. Msiende nayo kuogelea Raskazone kwa sababu ya namba mbili kwenye boksi, na ikimwagikiwa na maji ya samaki isuuze kwa maji ya bomba, iache ikauke vizuri kabla hujaichomeka.

Akili mnemba mnaniuliza sana. Samsung walipozindua ile ya kutafsiri simu mnapoongea, Januari 2024, ilikuja na lugha 13. Kipoland kilikuwemo, Kithai kilikuwemo, Kivietinamu kilikuwemo. Kiswahili hakikuwemo. Apple walianza akili mnemba ya kwao Oktoba 2024 na Kiingereza cha Marekani peke yake. Watu tunaozungumza Kiswahili toka Lamu mpaka Kongo tulilipia bei ileile ya simu ileile na kitu kilichotangazwa kama sababu ya kuinunua hakikutuelewa. Siku shangazi atakapoiambia simu kwa lugha yake, niandikie deni la fulani, na ikaandika sawasawa bila kumgeuzia maneno, nitakuja hapahapa Deep Sea niwaambie nendeni mkanunue.

Kwaiyo kaka ninunue au nisinunue? Kama yako ina miaka miwili, mitatu, apdeti bado zinaingia na kioo kizima, usinunue. Kama apdeti zimekatika na apu ya benki imeanza kukugomea, au unafanya kazi juani siku nzima, nunua, na uanzie kwenye miaka ya apdeti, kisha betri, kisha mwanga wa kioo, kamera iwe mwisho na uihesabu moja. Kabla hujatoa hela piga nyota reli 06 reli, ile namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, itume kwenda 15090 ujue simu ni halali, mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozizima zile feki watu wakaamka hawana mtandao.

Shangazi yeye nimemuuliza, nikupe ipi kati ya hizi. Akasema hataki yoyote, anayo ya kwake, shida yake inazima saa nane mchana kabla hajamaliza hesabu. Basi nimeichukua, saa hizi nimehamia Ngamiani kwa fundi, betri mpya elfu ishirini na tano pamoja na ufundi. Huyu hapa ameshapasha moto mfuniko unaachia, sogeza kamera kidogo, oneni hiyo betri ya zamani ilivyotuna hapo katikati, na alikuwa anatembea nayo kwenye mkunjo wa kanga kifuani. Fundi, itoe taratibu hiyo, usiitoboe.