TAHADHARI: Anayeuza tiketi za mchezo wa "Sultani wa Kilwa" Mikocheni ni TAPELI, msitume hela!

Wadau, naomba hii isambazwe kabla wikiendi haijafika. Kuna jamaa anatangaza eskepu rumu hapa Dar, anadai iko Mikocheni, mnaingia kundi zima, mnafungiwa ndani, mnatafuta njia ya kutoka huku waigizaji wanawazunguka. HAKUNA KITU. Hakuna chumba, hakuna mwigizaji, hakuna sultani. Tumepigwa 560,000. Jina la ukurasa silitaji kwa sababu ameshalibadilisha, nikilitaja mtalitafuta mtalikosa, mtasema basi katoweka. Hajatoweka. Jana tu picha zilezile zimepostiwa kwa jina lingine na watu wanamuuliza bei.

Wale mnaojua habari ya Bagamoyo mnaelewa kwa nini safari hii tulitaka kitu cha ndani, cha mchana, kisicho na maji. Sirudii. Wengine jueni tu kwamba kundi letu lina watu 16, kuwakusanya ni kazi, na mweka hazina ni mimi.

Na kabla hujaniandikia kwamba wajinga ndio waliwao, soma kwanza nilivyompekua huyu mtu.

Mimi sikumwamini kwa sababu ya picha. Picha kila mtu anazo. Nilimwamini kwa sababu kila alichoniambia nilienda kukitafuta nikakikuta ni kweli. Nilimuuliza mchezo wenyewe ukoje, akanielewesha kwa utulivu: dakika 60, makufuli, mafumbo, droo za siri, fumbo moja linakupeleka kwa lingine mpaka mlango ufunguke, na nje kuna mtu anawaangalia kwa kamera, mkikwama anawapa dokezo. Akaniambia Wajapani ndio walioufanya biashara, mji wa Kyoto, 2007, na kwamba miaka michache baadaye Budapest ikajaa vyumba vya namna hiyo mpaka watalii wanavifuata. Nikaangalia. Kweli.

Akaniambia wa kwake hauna mambo ya Kizungu, hadithi yake ni Kilwa. Chumba cha kwanza bandari, cha pili hazina, cha tatu ni kasri la Husuni Kubwa na lile bwawa la pembe nane. Yule msafiri Ibn Battuta alipita Kilwa 1331, kwa hiyo ninyi mnaingia kama wageni wa msafara wake, mnashukiwa wizi wa sarafu za sultani, na ili mtoke lazima mjue sarafu zimekwenda wapi. Halafu akanimaliza na hili: kwamba zipo sarafu za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje huko, na fumbo la mwisho linatokana na hapo. Jamani! Mimi nimesoma historia mpaka kidato cha sita, hilo la Australia sikuwahi kulisikia. Nikalitafuta usiku uleule. Kweli tupu. Sasa niambieni, tapeli gani anakaa kusoma habari za sarafu za Kilwa? Matapeli ninaowajua mimi ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Wifi yangu ndiye aliyetaka kutuokoa. Yeye hapendi kufungiwa, akasema muulize kuhusu moto, akanitumia habari ya wale mabinti watano wa Koszalin, Poland, Januari 2019, miaka 15 wote, walikwenda kusherehekea bethidei kwenye chumba kama hicho, gesi ikavuja, moto ukawaka, hawakuweza kutoka. Nikamtumia yule jamaa. Nilidhani atakwepa. Hakukwepa hata kidogo. Alinitumia sauti ndefu, kwa masikitiko kabisa, akasema tukio lile analijua, ndiyo maana kwake milango haifungwi kwa ufunguo, inashikwa na sumaku, umeme ukikatika inajiachia yenyewe, na kila chumba kina kitufe chekundu cha kufungulia. "Dada yangu, mimi nina watoto, siwezi kuweka watoto wa watu kwenye hatari." Wifi mwenyewe aliposikiliza ile sauti akasema haya, lipa.

Kwa hiyo na yeye asijitoe.

Bei ilikuwa 40,000 kwa kichwa, mkifika 15 inashuka 30,000, ila mlipe kabla ya saa nne usiku kwa sababu kuna kampuni inataka Jumamosi hiyohiyo saa nane. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na kitu. Nipo napiga pasi sare za watoto, simu iko kwenye spika juu ya kabati. Nyuma yake nasikia nyundo, gogogo, akasema samahani mafundi wanamalizia dari ya kasri. Naapa nilisikia nyundo. Nikaweka pasi pembeni, nikafungua menyu, nikaingiza namba, nikaandika 480,000. Likatokea jina la mwanamke. Nikasimama hapo. Nikamwambia kaka, mbona jina sio la biashara? Hakubabaika wala hakupandisha sauti. "Huyo ni mhasibu wetu, dada. Lipa Namba ya kampuni inatoka wiki ijayo, tunamalizia usajili wa biashara BRELA. Kama una wasiwasi usitume, nitawapa hii nafasi wale wengine, tutaonana mwezi ujao."

Usitume! Tapeli anakwambia usitume! Ndipo nilipobonyeza namba ya siri.

Na hapo hatujamaliza, maana baada ya kupokea akakumbuka amana ya mavazi, kanzu na majoho ya zari, 5,000 kila mtu, jumla 80,000, mkirudisha bila kuchafua mnarudishiwa palepale mlangoni. Ukishatoa laki nne na themanini, elfu themanini inayorudishwa unaionaje? Nikatuma. Akaniita "mheshimiwa mweka hazina". Nilicheka, na kicheko kile sasa hivi kinaniuma kuliko hela.

Ijumaa akatuma maelekezo. Haya yasomeni vizuri sana, kwa sababu ndiyo mtego wenyewe. Aliandika kwamba mchezo huu ni wa kuzama ndani ya hadithi, hauanzii ndani ya chumba, unaanzia getini. Mtafika nyumba ya kawaida yenye geti jeusi, haina bango, msishangae. Mlinzi ni mwigizaji. Atawaambia hapajui mnapopasema. Atawafukuza. Msikubali, kila dakika mnayomshawishi inaongezwa kwenye muda wenu wa ndani. Neno la siri ni "Sultani ametutuma". Simu zote ziwekwe kwenye mfuko mmoja zimezimwa kabla hamjashuka kwenye gari, atakayewasha simu kundi zima linapoteza pointi.

Mmeona? Kila dalili ya kwamba umetapeliwa ameshaiweka kuwa sehemu ya mchezo. Nyumba haina bango, ni mchezo. Mlinzi anakukana, ni mchezo. Simu imezimwa, humpigii yeye wala hupigi huduma kwa wateja.

Tumefika na Coaster ya kukodi, saa nane kasoro, wanawake tumevaa, wanaume wamenyoa. Nikatangulia. Mlinzi katoka na rungu lake, mzee wa makamo, nikamwambia kwa sauti ya tamthilia, "Sultani ametutuma." Akasema sultani gani? Watu nyuma wakachekelea. Nikarudia. Akasema mama, hapa ni kwa watu, mmepotea. Mwenyekiti akanong'ona, "Yuko vizuri huyu." Tukamwimbia. Kuna mtu alimtolea shairi. Mimi, na hili mtalisikia tu kwa wambea kwa hiyo acha niliseme mwenyewe, nilipiga magoti kwenye lami, na gauni lile la kitenge, nikamwambia "ewe bawabu wa kasri, tufungulie". Mzee wa watu akarudi nyuma hatua mbili.

Akatoka mama mwenye nyumba, kanga kifuani, mafuta kichwani, anauliza kuna msiba gani. Tukampigia makofi. Wallahi tulimpigia makofi. Akasema naita polisi, wifi akaniambia huyu sasa ndiye mke wa sultani. Ikasimama gari nyingine, wakashuka kina dada wana tisheti za njano za kufanana, wakatuona tunabishana na mlinzi, nao wakaanza kushangilia, kumbe wanadhani waigizaji ni SISI. Mmoja wao akanifuata akaniuliza kwa heshima, "Dokezo la kwanza liko kwako?"

Aliyetufungua macho ni mlinzi. Alisema kwa uchovu kabisa, "Jumamosi iliyopita walikuja wengine hivihivi, wakalia hapa." Pale hakuna aliyecheka. Nikachomoa simu kwenye mfuko, nikapiga, haipatikani. Kina dada wa njano nao wakapiga namba yao, ni nyingine kabisa, nayo haipatikani. Mtandao wakaniambia hela ilitolewa Alhamisi ileile usiku.

Sasa nisikilizeni. Mtu huyu afungwe. Sisemi aombe radhi, sisemi arudishe hela tusameheane, AFUNGWE. Afande aliyeniandikia RB ya polisi kaniambia kosa ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, mwisho miaka saba. Miaka saba! Kwa kunipigisha magoti barabarani mbele ya watu wanaonifahamu? Kwa yule mama wa watu aliyetoka kupaka mafuta akakuta watu thelathini wanampigia makofi? Ingekuwa amri yangu angefungiwa chumba kisicho na fumbo, kisicho na dokezo, asimamiwe na yule mlinzi. Na wale wanaomsajilia laini nao wabebwe. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA tangu 2019, halafu tapeli ana laini kadhaa na kila moja ina jina la mama wa mtu! Afande anasema mara nyingi mwenye jina hana habari, alibonyezeshwa kidole mara mbili kwa wakala. Basi na ninyi pigeni *106# muone laini ngapi ziko kwa jina lenu, usije ukaitwa mhasibu wa eskepu rumu.

Mnaoniuliza dalili, haya. Soketi. Kwenye picha ya chumba cha hazina, ukutani chini kushoto, soketi ya umeme ni ya matundu mawili ya duara kama za Ulaya bara, sio hizi zetu za matundu matatu. Mdogo wangu fundi umeme ndiye aliyeiona, tena baada ya hela kwenda. Nyingine: anakataa kabisa mtu kwenda kupaona kabla, anasema utajua siri za mchezo. Sauti yake ya taratibu, lafudhi kama ya kusini lakini sina hakika, anapenda "dada yangu". Hizo nyundo pia, nadhani ni rekodi, maana kina dada wa njano nao walizisikia, na wao walipigiwa asubuhi. Na jina la mtu binafsi linapotokea kwenye muamala wa biashara, ndiyo, najua, nilishasema alinijibu nini.

Ujumbe wake mkiupata msibishane naye wala msimtukane, akishtuka anabadilisha namba. Utumeni kwenda 15040, mkiulizwa namba ya tapeli mnaiandika, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaichukulia hatua. Mimi nimeshatuma zile mbili.

Kundi letu: marejesho yenu msiniulize kwenye grupu mbele ya watu, tutaongea kikao kijacho. Aliyeniandikia "mheshimiwa mweka hazina" jana usiku nimemuona.

Na ninyi kina dada wa tisheti za njano, pamoja na wale wa Jumamosi iliyotangulia waliolia getini, njooni inboksi niwape namba ya RB. Afande kasema walalamikaji wakiwa wengi jalada linasogea. Leteni skrinshoti za miamala na sauti zake kama hamjafuta. Na yule dada aliyerekodi nikiwa magotini, mdogo wangu, nakuomba kwa heshima, hiyo sio ushahidi, ifute.