Uzoefu wangu na BMS: skrini naipa tano kwa tano, printa naipa mbili

Kwa wasioijua, BMS (Basic Mapping Support) ni ile sehemu ya CICS, mfumo wa IBM wa kuendesha miamala kwenye kompyuta kubwa, inayopanga maandishi kwenye skrini za terminali za 3270 (skrini na kibodi za kompyuta hiyo) na kwenye printa zake. Hainunuliwi kivyake; ukiwa na CICS, unayo. CICS ilitoka 1969 na terminali za 3270 zikafuata 1971, kwa hiyo kijana wa atachimenti anayefika ofisini kwetu Upper Hill, Nairobi, akaona ninachokifanya, kwanza hucheka. Mimi huandika ramani za skrini, yaani maelezo ya nini kinakaa wapi, za makarani wa bima, na alama hizi nazitoa kwa kuangalia wanavyofanya kazi. Urembo sikuuhesabu, kwa sababu haupo.

Kinachowasumbua wageni wengi ni baiti ya sifa. Kila uga (sehemu moja ya skrini ya kuandikia au kuonyesha data) kwenye 3270 hutanguliwa na baiti moja inayoamua kama uga huo unaandikika au umefungwa, unang'aa au umefichwa, ni wa tarakimu au wa herufi yoyote. Baiti yenyewe haionekani ila inakula nafasi moja ya skrini. Ukiandika POS=(5,10), yaani mstari wa 5 safu ya 10, kwenye DFHMDF, amri inayofafanua uga, safu ya 10 ni ya hiyo baiti na herufi ya kwanza inakaa safu ya 11. LENGTH, yaani urefu wa uga, nayo haiihesabu. Ndiyo sababu nyuga mbili haziwezi kugusana kabisa, hata ubembeleze vipi, na meneja anayetaka kufinya safu moja zaidi ndani ya nafasi 80 inabidi aonyeshwe hesabu kwa karatasi.

Ukishazoea, utamu wake unaanza. Chukua namba ya kitambulisho. Zipo za tarakimu saba na zipo za tarakimu nane. Uga una nafasi nane, na mwishoni mwake ni lazima uweke uga mdogo wa kuziba ili karani asipitilize. Ukiuziba kwa sifa ya ASKIP, tarakimu ya nane ikiingia kishale kinaruka chenyewe hadi uga unaofuata. Maridadi, sivyo? Ila karani mwenye kasi haangalii skrini, anaangalia fomu. Amezoea kubonyeza Tab kwa wale wa tarakimu saba, basi akibonyeza tena kwa wa tarakimu nane anaruka uga mzima, na jina linaingia kwenye nafasi ya simu. Ukiuziba kwa sifa ya PROT (uga uliofungwa), kishale hakiruki. Karani anabonyeza Tab kwa kila mtu, na akizidisha tarakimu kibodi inajifunga mpaka abonyeze Reset. Neno moja tu kwenye ramani, na malalamiko ya kaunta yanaisha. Sijaona fomu ya kivinjari inayonipa udhibiti wa aina hii kwa gharama ndogo hivyo.

NUM, sifa ya uga wa tarakimu, usiiamini sana. Kwenye x3270, ambayo ni ya bure na ndiyo naitumia kuigiza terminali, kufuli ya tarakimu huja ikiwa imezimwa, kwa hiyo herufi zinapita kwenye uga wa NUM bila kelele. Programu ya COBOL, lugha tunayoandikia, ikague yenyewe. PIN ya KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) usiiwekee NUM hata kidogo, maana inaanza kwa herufi na kuishia kwa herufi.

Kwa pesa, umbo la kuonyesha namba, PICOUT='ZZ,ZZZ,ZZ9.99', hufuta sifuri za mbele na kuweka mikato mahali pake. Lakini jihadhari na bima za vikundi: kiasi kikivuka milioni mia, COBOL inakata tarakimu ya kushoto kimyakimya na 105,000,000.00 inatokea kama 5,000,000.00. Hakuna onyo lolote. Nami namba ya simu huwa siipitishi kwenye Z, kwa kuwa sifuri ya mbele ndiyo ya kwanza kuliwa.

Rangi zipo saba na sina la kuzisema zaidi ya hili: usipotaja rangi, terminali ya rangi inajichagulia kutokana na baiti ya sifa. Uga wa kuandika unatoka kijani, uliofungwa unatoka samawati, na ukiung'arisha wa kuandika unakuwa mwekundu. Mimi hung'arisha uga wenye kosa kwa DFHBMBRY, jina la CICS la sifa ya kung'aa, nikaweka -1 kwenye urefu wake ili kishale kitue hapo hapo. Karani hahitaji hata kusoma ujumbe.

Jambo dogo la kwetu: kichwa cha skrini cha bima ya mifugo huandikwa INITIAL='BIMA YA NG''OMBE', ritifaa mara mbili, na LENGTH ni 15 kwa sababu ile pacha inahesabiwa kama moja. Ukiweka moja, asembla inakukatalia.

Sasa printa. Hapa ndipo alama tatu zilipopotelea. Ramani ile ile unaweza kuituma kwa printa, ukaongeza CTRL=(PRINT,L80), yaani chapa kwa mistari ya herufi 80, na kwa karatasi tupu inapendeza. Shida ni risiti zetu, ambazo huja zikiwa tayari zimechapwa mistari na nembo. Printa ya 3270 huruka mstari usio na herufi hata moja. Mteja asiye na mstari wa pili wa anwani, programu inaacha LOW-VALUES (baiti tupu), hakitumwi chochote, na mstari huo unatoweka kwenye karatasi. Kila kilicho chini kinapanda ngazi moja: kiasi kinakaa penye tarehe, tarehe inakaa penye jina la wakala. Kwenye skrini kila kitu kiko sawa, kwa hiyo unaweza kuitazama ramani hadi jioni usione kasoro. Mistari yenye nyuga za DRK (zilizofichwa) peke yake nayo inarukwa vivyo hivyo.

Dawa yake ni kuweka kwenye kila mstari wa ramani uga mmoja wenye nafasi tupu ya kweli, nafasi inayotumwa kama herufi. Inafanya kazi. Ila ni kazi ya kubandika viraka, na mtu akiongeza mstari miezi sita baadaye akasahau kiraka chake, risiti zinaanza kupanda tena.

Kwa kujaribu, pr3287 ya familia ya x3270 hupokea kazi ya printa ya 3270 na kuipeleka kwenye printa ya kawaida, hivyo huna haja ya kutafuta mashine ya zamani. Mimi hupima risiti kwa karatasi nyeupe kwanza, kisha naishika dirishani juu ya fomu iliyochapwa. Skrini zetu zote zimebaki BMS. Risiti na vyeti nimevihamishia kwenye programu za COBOL za usiku, zinazoandika mstari kwa mstari, na mstari mtupu unabaki mtupu.