LalBrew Voss: hamira ya bia inayoliweza joto la Dar

Kinachowashinda wengi wanaopika bia nyumbani Dar es Salaam ni joto. Hamira nyingi za bia ni za kufanyia kazi penye ubaridi. US-05, mojawapo ya zile zinazotumika sana, mtengenezaji wake anaipangia nyuzi 18 hadi 26 za Selsiasi, na za lager, bia nyepesi kama nyingi za dukani, hutaka chini ya hapo. Chumba cha Sinza mwezi Februari kinaweza kukaa karibu na nyuzi 30 usiku kucha, na hamira ikianza kazi hupandisha joto ndani ya ndoo kupita hata la chumba. Bia hutoka na harufu ya spiriti na ukali unaobaki kooni. Ukitaka kuepuka hilo kwa friji, friji hiyo itakula LUKU wiki mbili, na umeme ukikatika siku ya pili, ndiyo siku mbaya kuliko zote, maana ladha nyingi hujengeka mwanzoni.

LalBrew Voss ya kampuni ya Lallemand inaondoa tatizo hilo. Asili yake ni Voss, magharibi mwa Norway, ambako wakulima walirithishana hamira ya jadi iitwayo kveik na kuimimina kwenye maji ya kimea yakiwa bado na joto la mwili. Kiwango chake ni nyuzi 25 hadi 40, na hustawi zaidi kati ya 35 na 40, ambapo humaliza kazi kwa siku mbili au tatu. Ladha ni safi, yenye dalili ya ganda la chungwa, na haibadiliki sana joto likipanda.

Faida kubwa zaidi huonekana wakati wa kupoza. Maji ya bomba hapa huwa na nyuzi 28 hivi, kwa hiyo kushusha sufuria hadi 18 bila barafu haiwezekani. Voss inamiminwa sufuria ikifika 35. Beseni la maji, ukiyabadilisha mara mbili tatu, linatosha.

Kwa lita 20, pima kilo 2.5 za unga wa dondoo ya kimea cha shayiri (malt extract). Chemsha lita 10 za maji, ondoa sufuria motoni, ndipo umwage unga. Ukiumwaga juu ya mvuke utaganda mabonge na kunata kwenye pakiti. Hali ya hewa ya Pwani nayo huulainisha upesi, hivyo usifungue pakiti kabla ya wakati. Chemsha saa moja pamoja na gramu 30 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zenye asidi ya alfa (ndiyo inayotia uchungu) ya asilimia 8. Jazia maji safi yaliyochemshwa na kupozwa hadi lita 20, poza, nyunyizia pakiti nzima ya gramu 11. Haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa sukari kwenye maji ya kimea, itasoma takriban 1.046 mwanzoni na karibu 1.010 mwishoni, yaani kilevi kisichofika asilimia 5. Haidromita iliyotengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 husoma pungufu kwenye joto la 35, ongeza 0.004.

Maji yenyewe ni ya kuangaliwa. Ya bomba yana klorini, ambayo ikikutana na kimea huleta ladha ya dawa. Yachemshe robo saa bila mfuniko. Ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Hapo tumia maji ya kunywa ya dumu la dukani.

Udhaifu mkubwa wa Voss ni njaa. Inahitaji virutubisho kuliko hamira nyingine, na wanaobana matumizi kwa kubadilisha kilo nzima ya kimea na sukari huikuta imezubaa njiani au inatoa harufu ya yai viza. Ukilazimika kuweka sukari, isizidi gramu 300, na dakika 15 kabla ya kuzima moto tia kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mikate. Hiyo itakufa kwenye moto na kuwa chakula cha Voss. Usiitegemee hamira ya mikate kwa kazi yenyewe. Bia huwa na ukungu na ladha ya unga mbichi.

Julai ni habari nyingine. Usiku unaweza kushuka hadi 20, na hapo Voss husinzia. Funga ndoo kwa blanketi tangu saa ya kwanza ili joto lake lenyewe lisipotee.

Unaponunua, bonyeza pakiti. Iliyo ngumu kama tofali ni nzima. Iliyolegea imeingia hewa, iache dukani, hata ikipunguzwa bei. Inatakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 4, kwa hiyo muulize muuzaji aliiweka wapi, na wewe uipeleke friji siku hiyohiyo.

Usikimbilie chupa kwa sababu povu limetulia siku ya tatu. Pima, pima tena baada ya siku mbili; namba zikilingana, yeyusha gramu 130 za sukari kwenye maji kidogo ya moto, changanya taratibu, jaza chupa nene za nusu lita. Ukiharakisha, chupa hupasuka, na vioo vinavyoruka ni hatari kweli. Siku 10 kwenye chumba zinatosha kupata gesi, kisha friji, kwa kuwa harufu ya hopsi hufifia haraka kwenye joto letu.

Anayetafuta ladha ya lager ya dukani asinunue Voss. Chungwa lake litamsumbua. Kwa bia nyingine, hasa pale ale (bia ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya hopsi), hatuoni inayoifaa Dar zaidi, na gharama yake inashuka ukihifadhi mashapo meupe ya chini ya ndoo kwenye chupa safi ndani ya friji na kuyatumia kwa mapishi yanayofuata ndani ya wiki moja.