Darasa la wanaoenda Bahrain, hapa Kisumu: pesa yako haipotei, ila muda wa mkataba waongeze

Wale mnaoulizia darasa la kujiandaa kwenda kufanya kazi Ghuba, hii ya upande wa Kondele naipa nyota nne kwa tano. Walinitoza 4,500 na sijutii hata bob.

Kilichonibamba ni ticha hakukimbilia mambo ya pasi na mashine ya kufua, alituuliza kwanza hiyo nchi inakula wapi. Wengi tulidhani Bahrain ni mafuta tu yanamwagika, kumbe walipata mafuta kwa kisima chao cha kwanza 1932, wakawa wa kwanza upande ule wa Waarabu wa Ghuba, lakini mafuta yao ni kidogo sana kuliko ya majirani na mengi yanatoka Abu Safah huko baharini, mahali wanagawana na Saudia. Kabla ya hapo walikuwa wanapiga mbizi kutafuta lulu, Wajapani walipoanza kufuga lulu zao soko likaanguka, na hapo sisi wa karibu na ziwa tulielewa haraka maana samaki akipungua ufuo wa Dunga unajua nyumba ngapi zinalala njaa. Ndio maana sasa wameweka nguvu kwa benki na kiwanda cha alumini cha Alba, malighafi wanaagiza kutoka nje lakini gesi ya kuendesha mitambo ni yao.

Halafu akatoa noti ya nusu dinari ikazunguka darasani, jamaa mmoja akasema aah nusu tu, ticha akamwambia hiyo ni kama 170 za kwetu. Dinari imefungwa kwa dola, 0.376 kwa dola moja, so ukiandikiwa mshahara wa dinari 100 hiyo ni kama dola 265 na haiyumbi, kinachoyumba ni shilingi yetu. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, lakini VAT ipo, ilianza 2019 ikiwa asilimia 5, ikapandishwa 10 mwaka wa 2022, kwa sababu bei ya mafuta ilishuka, madeni yakawabana mpaka 2018 Saudia, Kuwait na Falme za Kiarabu zikawaahidi dola bilioni 10. Vyakula vya msingi havitozwi ila simu, nguo na sabuni utalipa, na hizo hesabu maajenti wengi hawakuambiangi, wanakutajia mshahara tu basi.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya mkataba. Waliupitia mbio mbio jioni watu washaanza kuwaza matatu za Siaya na Busia, na hapo ndio binti zetu wanaumia, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani anashika pasipoti. Hiyo inataka asubuhi nzima jameni. Angalau walisisitiza uangalie kama ajenti yuko kwa orodha ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali, kabla hujatoa pesa yoyote.

Chumba kina joto, beba maji. Na uulizie darasa la Jumamosi, huyo ticha hafundishi siku zingine.